Chokaa kwenye shamba la kukodi: hesabu iliyonichoma

Mwaka wangu wa tatu wa kulima ngano karibu na Moiben, Uasin Gishu, niliongeza DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni, nikidhani shamba lina njaa. Ngano ikadumaa, majani ya chini yakageuka zambarau. Mzee jirani aling'oa shina moja, akakung'uta udongo, akanionyesha mizizi mifupi, minene, ncha zimevimba. "Mbolea umeweka, kijana. Sasa itaila na nini?"

Kipimo cha udongo kilisoma pH 4.8; pH ni kiwango cha asidi, na namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka ikachoma mizizi, na fosforasi ya DAP hunaswa na udongo kabla mmea haujaigusa. Na amonia iliyomo kwenye DAP yenyewe huzidisha asidi mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa nanunua ugonjwa kwa gunia!

Nikaagiza chokaa ya kilimo, ya kupunguza asidi hiyo, kutoka Koru, kaunti ya Kisumu. Lori lilikula karibu sawa na bei ya chokaa. Tani moja kwa ekari, pamoja na kumwaga na kupiga haro ili ichanganyike na udongo, ilinitoka thamani ya magunia mawili ya ngano. Msimu wa kwanza mavuno yakaongezeka gunia moja tu kwa ekari. Wa pili, matatu. Chokaa huchukua miezi kuingia kazini, kisha hukaa miaka kadhaa ikikulipa.

Ikulipe wewe, lakini, si mwingine. Nusu ya shamba nililolimwagia ilikuwa ya kukodi, mkataba wa mwaka mmoja. Mwenyewe alipoona ngano imenyooka, akapandisha kodi. Nikashindwa, akampa mtu mwingine. Siku hizi kwenye shamba la mwaka mmoja napanda mbegu inayovumilia asidi, naweka TSP (mbolea ya fosforasi isiyo na amonia) wakati wa kupanda, na CAN (mbolea ya naitrojeni) baadaye. Chokaa ni ya shamba langu, au la mkataba ulioandikwa wa miaka minne kwenda juu.

Kabla hujalipia chokaa, isugue kati ya vidole. Iwe laini kama unga. Ile ya punjepunje kama mchanga itakucheleweshea faida. Kamulia ndimu uone kama inatoa povu. Imwage mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, na usiichanganye na DAP, naitrojeni itapotea hewani.

Mimi huacha ukanda mmoja wa upana wa kombaini bila chokaa. Siku ya kuvuna nasimama pale kando nikihesabu magunia ya huku na ya kule.