Slivu, baipasi au puto? Maswali yenu kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito

Barua nyingi zilizotufikia safari hii, kutoka Unguja na Pemba, zinauliza upasuaji upi unaopunguza kilo nyingi zaidi. Tunaanza na ile iliyoeleza hali ya mwandishi kwa ukamilifu, kwa sababu jibu liko ndani ya maelezo yale.

Assalamu alaykum. Nina miaka 41, naishi Chake Chake. Uzito wangu kilo 118, urefu mita 1.60. Nina kisukari mwaka wa 6 sasa, natumia metformin na gliclazide, na kiungulia huniamsha karibu kila usiku. Shoga yangu alikwenda India akafanyiwa slivu, amepungua hadi watu wanampotea. Mume wangu amekubali kunigharamia. Nifanye slivu au baipasi? Na hiyo wanayoiita mini ndiyo ipi? — Mama wa Chake

Wa alaykumu salaam, mama. Tuanze na hesabu. Urefu wako ukiuzidisha kwa wenyewe (1.60 × 1.60) unapata 2.56, na kilo 118 ukizigawa kwa 2.56 unapata 46. Hiyo ndiyo BMI yako, kipimo cha uzito kwa urefu. Mwongozo wa kimataifa wa wapasuaji wa fani hii uliotolewa 2022 unapendekeza upasuaji kuanzia 35 hata kwa asiye na maradhi mengine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Sifa unayo. Lililobaki ni kuchagua, na hapo kiungulia chako kina uzito kuliko kilo za shoga yako.

Katika slivu, mpasuaji hulikata tumbo la chakula kwa urefu wake, akatoa robo tatu au zaidi kidogo, akaacha mrija mwembamba mfano wa mkono wa kanzu. Mrija huo huingia mililita 100 hadi 150. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, ndiyo maana waliofanyiwa husema chakula hawakitamani. Utumbo hauguswi. Kilichokatwa hakirudishwi. Lakini mrija mwembamba una msukumo mkubwa ndani, na asidi ikikosa pa kwenda hupanda juu kwenye umio. Katika utafiti wa Uswisi uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 5, kiungulia kilizidi kwa karibu mtu 1 katika kila 3 wa slivu, na kwa watu 6 hivi katika kila 100 wa baipasi. Wewe ambaye tayari unaamshwa usiku, ukifanya slivu kuna hatari kubwa ya kurudi kwenye meza ya upasuaji baadaye igeuzwe kuwa baipasi. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza.

Baipasi hupita njia nyingine. Juu ya tumbo hukatwa kifuko kidogo cha mililita 15 hadi 30, na tumbo lililobaki huachwa mahali pake bila kupitiwa na chakula. Kisha utumbo mwembamba hukatwa. Ncha moja hupandishwa kuungwa na kifuko, na ncha ya pili, ile inayoleta nyongo na maji ya kongosho, huungwa chini zaidi, mara nyingi sentimita 75 hadi 150 kutoka kwenye kifuko. Viungio ni viwili. Asidi na nyongo haviwezi kupanda kirahisi, na kiungulia mara nyingi hupoa. Sukari nayo hushuka haraka, pengine kabla kilo hazijapungua, na anayetumia vidonge bila insulini ana nafasi nzuri zaidi. Jueni kabisa kwamba gliclazide isiendelee kumezwa kwa dozi ileile baada ya kutoka hospitali. Mtu anakula vijiko vitatu, dozi ni ya sahani nzima, sukari inaporomoka.

Kwa kilo, tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani. Baada ya mwaka mmoja hadi miwili, slivu hupunguza kama robo ya uzito wote, baipasi karibu asilimia 30. Kwako ni kilo 29 au 30 upande mmoja, 35 upande wa pili. Kilo 5 zisikuchagulie upasuaji.

Mini ni baipasi yenye kiungio kimoja tu. Kifuko chake ni kirefu, na huungwa na utumbo kwenye sentimita 150 hadi 200 hivi kutoka mwanzo wake. Ni fupi kufanywa na hupunguza uzito vizuri. Lakini nyongo hupita kwenye kiungio kilekile cha chakula, na kwa baadhi ya watu hupanda hadi kwenye umio. Kwa mwenye kiungulia cha kila usiku, hatungeanza na hiyo.

Basi kwa hali yako tunaelekea baipasi, ila kwanza upigwe kamera ya koo na tumbo. Kamera itaonyesha kama umio umeunguzwa, kama tumbo limepanda juu ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na kama kuna bakteria wa H. pylori, ambao hutibiwa kabla ya kisu. Baada ya baipasi, tumbo lile lililoachwa halifikiwi tena na kamera ya kawaida, kwa hiyo hii ndiyo nafasi ya kuliangalia. Ukiwa unakoroma na kuamka umechoka, sema, upimwe pumzi za usingizini. Na wiki 2 za mwisho utapewa chakula chepesi kisicho na wanga mwingi ili ini linywee, kwa sababu ini lenye mafuta huziba pale hasa mpasuaji anapotaka kufika. Waliokula biriani ya kuagia jana yake huwapa madaktari kazi ngumu, na hatari inakuwa yao wenyewe.

Baipasi nayo ina deni lake, na deni hili ni la maisha. Kila siku utahitaji vidonge vya vitamini mchanganyiko, madini ya chuma miligramu 45 hadi 60, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa mafungu, vitamini D, na B12 ya vidonge kila siku au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Tazama kwenye chupa: unataka kalsiamu ya sitrati, kwa sababu ile ya kaboneti huhitaji asidi ili ifyonzwe, na kifuko chako kina asidi kidogo. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, viachane kwa saa 2. Slivu pia inahitaji vitamini na vipimo vya damu, lakini anayeacha dawa baada ya baipasi huumia zaidi. Kabla ya kulipia tiketi, ulizeni duka la dawa gani Chake au Mjini lina vitu hivi mwaka mzima, na bei yake kwa mwezi.

Mambo mawili mengine huharibu baipasi. La kwanza ni kidonda kwenye kiungio, kinacholetwa zaidi na sigara na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen. Ukiumwa na goti, omba paracetamol, na mwambie kila muuza dawa kwamba una baipasi. La pili ni utumbo kupenya kwenye mianya inayobaki baada ya kuunganishwa. Mafuta ya tumboni yakishapungua, mianya hupanuka, kwa hiyo balaa hili huja miezi au miaka baadaye. Maumivu ya kukata hushika baada ya kula, huachia, hurudi. Eksirei inaweza kutoka safi kabisa. Kinachohitajika ni picha ya CT, inayoonyesha zaidi ya eksirei, na mpasuaji anayejua baipasi, siku ileile. Muulizeni daktari wenu mapema: mianya unaishona?

Na hapa ndipo tunapowasisitiza sana watu wa Pemba. Hatari kubwa ya mwanzo, kwa slivu na baipasi, ni kuvuja kwenye mshono. Hutokea kwa mtu 1 hivi katika 100, au pungufu, na mara nyingi wagonjwa wameshatoka wodini. Mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, homa, pumzi fupi, au maumivu ya tumbo yanayochoma hadi bega la kushoto: usingoje kesho. Ukifanyiwa Dar es Salaam au Bombay, kodi chumba karibu na hospitali ile kwa wiki 2 zote. Siku ya nne si siku ya kupanda boti, kuvuka mkondo wa Nungwi na kutapika njiani. Ukirejea, nenda na ripoti ya upasuaji iliyoandikwa urefu wa kila kipande cha utumbo, uache nakala Hospitali ya Abdulla Mzee au popote unapotibiwa. Daktari wa zamu atakayekupokea saa nane usiku hana njia nyingine ya kujua umeunganishwa vipi.

Mimi naogopa kisu. Kuna puto, na nimesikia pia mkanda unaoweza kutolewa. Kwa kilo 96 si vinatosha? — Kijana wa Kiembesamaki

Puto si upasuaji. Huingizwa kwa kamera kupitia mdomoni, likajazwa maji ya chumvi mililita 400 hadi 700, mara nyingi yenye rangi ya buluu. Puto likipasuka, mkojo hugeuka buluu au kijani, na hapo unakwenda hospitali mara moja, kwa sababu linaweza kuteremka na kuziba utumbo. Siku 3 hadi 5 za mwanzo ni kichefuchefu na kutapika kwa wengi. Mengi hutolewa baada ya miezi 6. Mtu hupungua pengine sehemu moja ya kumi ya uzito wake au zaidi kidogo, na likishatolewa tumbo liko vilevile, njaa ileile, kilo hurudi kwa wengi. Tunaliona lina maana kwa mtu anayehitaji kupungua kidogo ili afanyiwe upasuaji mwingine kwa usalama. Hapa Tanzania, Mloganzila ni mojawapo ya mahali linapowekwa.

Mkanda, ule unaofungwa kuzunguka sehemu ya juu ya tumbo, usiufanye. Unahitaji kukazwa na kulegezwa kwa sindano mara kadhaa mwaka wa kwanza, na huku kwetu nani atakukazia? Huteleza, wakati mwingine hula ukuta wa tumbo, na wengi waliowekewa wameishia kutolewa.

Nilifanyiwa baipasi miezi 5 iliyopita. Ramadhani inakaribia na natamani kufunga. Tena nikila tende na juisi ya miwa moyo hunienda mbio, jasho, nalala kama mlevi. — Dada wa Michenzani

Dada, mwaka huu usifunge. Unahitaji maji lita 1.5 hadi 2 kwa siku, na kifuko chako hakipokei glasi nzima kwa mkupuo. Maji pia hayanywewi pamoja na chakula: yanasubiri nusu saa baada ya kula. Baina ya magharibi na alfajiri kuna saa 10 na nusu tu, na humo unatakiwa pia ule, ulale na usali tarawehe. Hesabu haikubali. Anayekaukiwa na maji huchelewa kugundua, huanza kutapika, na kutapika kwa siku chache mfululizo humaliza vitamini B1, ambayo kukosekana kwake huweza kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu kwa kudumu. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mwakani, mwaka ukishatimia na vipimo vya damu viko sawa, zungumza na daktari wako na sheikh wako.

Hayo ya tende na miwa yana sababu yake. Sukari hushuka moja kwa moja kwenye utumbo bila kuchujwa na tumbo, utumbo huvuta maji kwa ghafla, na ndani ya nusu saa moyo unakimbia. Saa 1 hadi 3 baadaye insulini iliyomwagika kwa wingi huangusha sukari, ndiyo jasho na ulegevu. Wakati wenzako wanafuturu kwa kaimati, wewe anza na samaki, mayai au choroko zilizopondwa, utafune hadi ziwe uji. Protini gramu 60 kwa siku si kubwa kama inavyosikika: kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20, yai moja 6, glasi ya maziwa 8. Urojo subiri, unga na bajia zake ni wanga mtupu. Tende moja, baada ya protini, wengi huivumilia.

Nywele zinanyonyoka kwa mafungu, ni mwezi wa 4 tangu slivu. Na tunataka mtoto. — Mke wa Wete

Nywele hutoka zaidi kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kisha huota tena kama protini, chuma na zinki vinatosha. Pima ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini, kabla ya kununua mafuta yoyote ya nywele.

Mtoto subirini miezi 12 hadi 18, kwa sababu sasa mwili wako unakonda kwa kasi na mimba ingekosa chakula. Na jihadharini: hedhi iliyokuwa imepotea kwa unene hurudi upesi, watu wakashtukia mimba. Kijiti au kitanzi ni salama kuliko vidonge, hasa kwa waliofanyiwa baipasi, maana vidonge huenda visifyonzwe vizuri. Ukishashika mimba, mwambie mkunga kliniki mapema kwamba usipewe kile kinywaji cha glukosi cha kupimia kisukari cha mimba. Kinaweza kukuangusha palepale, na majibu yake hayaaminiki kwa tumbo kama lako. Omba badala yake kupimwa sukari kwa kidole, asubuhi kabla ya kula na baada ya kila mlo, kwa wiki moja, katika wiki ya 24 hadi 28.