Jibu: Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, inaganda nikiambatisha picha, nilalamike wapi?

Ndugu yangu wa Ngamiani, usilalamike, eleza. Kwanza iwashe Thunderbird katika hali ya utatuzi, ambayo huzima viongezo, yaani vijiprogramu vya ziada ulivyoiwekea. Ikiacha kuganda, huenda kosa ni la kiongezo, si la programu yenyewe. Ikiendelea, tafuta kwenye Bugzilla, tovuti ya kuripoti makosa ya Thunderbird, kama mwenzio kashaliripoti. Hakuna? Fungua ripoti mpya, tatizo moja tu: toleo la programu, mfumo wa kompyuta, hatua ulizofuata, ulichotarajia na kilichotokea. Hizo hatua ndizo roho ya ripoti. Fundi asipoliona kosa kwenye mashine yake, atalitengenezaje? Mimi hapa Raskazone huzirudia mara mbili kabla ya kutuma. Na tafadhali, ficha anwani za wateja wako kwenye picha za skrini, maana ripoti husomwa na yeyote.