Baruti ilivyotolewa kiwandani Auschwitz

Umeuliza wasichana wa Kiyahudi waliwezaje kuiba baruti Auschwitz, kambi ya mateso na mauaji ya Wanazi huko Poland. Kidogo kidogo, kwa miezi mingi. Kiwanda cha Union, walikolazimishwa kufanya kazi, kilitengeneza fyuzi za mabomu. Waliokuwa chumba cha baruti walifunga kiasi kidogo sana kwenye vipande vya kitambaa, wakaficha ndani ya nguo. Wakiona upekuzi mbele, waliimwaga na kuikanyagia udongoni. Roza Robota, aliyefanya kazi ya kupanga nguo Birkenau, sehemu ya kambi hiyo, aliipitisha kwa Sonderkommando, wafungwa waliolazimishwa kuchoma maiti. Hao ndio walioasi tarehe 7 Oktoba 1944 na kuchoma tanuri namba 4. Roza na wenzake katika wizi huo, Ala Gertner, Regina Safirsztajn na Estusia Wajcblum, waliteswa vibaya mno, wakanyongwa Januari 1945, wiki tatu hivi kabla ya kambi kukombolewa. Wastahili kutajwa kwa majina.