Picha inafika, tachi haiitikii

Habari ndugu. Laptopu yako ya Windows inarusha picha bila waya, ila ukigusa skrini ya nje hakuna kinachotokea. Hilo lilinisumbua sana darasani.

Anza hapa: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K. Ukishaunganisha, chini ya jina la skrini tafuta kisanduku cha kuruhusu kipanya, kibodi na tachi, kitie tiki. Kisipokuwepo, shuku kipokezi, yaani kifaa kinachopokea picha na kuipeleka kwenye skrini: vingi hupokea picha tu, na waya wa HDMI haubebi tachi. Mimi ilibidi nivute waya wa USB toka skrini hadi laptopu.

Ukigusa huku kishale kikaenda skrini nyingine, fungua Tablet PC Settings, bonyeza Setup, kisha ufuate maelekezo. Nimejaribu Windows 11 tu.