Bibi wa Makorora aliyekubali kila kitu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya madodoso ya haiba (tabia ya mtu ya asili) na siasa, hasa mliopangiwa Tanga, haya niliyapata kwa kuumbuka.

Siku ya kwanza Makorora nilimkuta bibi mmoja kibarazani, anachambua mchele. Nikamsomea: "Mimi napenda kujaribu mambo mapya." Akajibu, "Ndiyo, mwanangu." Maswali manne mbele: "Mimi sipendi mabadiliko." "Ndiyo, mwanangu, kweli kabisa." Nikatia vema kote kuwili, na chai nikanywa. Bibi hakuwa kigeugeu. Alikuwa ananistahi tu. Mgeni kaja na karatasi zake, utamkataliaje? Siku hizi naanza na swali la mazoezi, "Unapenda kahawa tamu?", ili mtu aonje kusema hapana kabla hatujafika kwenye yenye uzito.

Maswali ya kinyume kama lile la pili yana balaa jingine: kwenye kipimo cha 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), alama zake hugeuzwa, 5 iwe 1. Mimi nilisahau, jedwali likatoa wachapakazi kuwa ndio wavivu. Nilicheka baadaye sana. Wakubwa nao huteleza: utafiti wa haiba na itikadi uliochapishwa Marekani mwaka 2012 katika American Journal of Political Science ulisahihishwa mwaka 2016, kwa kuwa misimbo, yaani namba za majibu, ilikuwa imepinduliwa. Yaliyosemwa ya wahafidhina (wanaoshikilia desturi) yalikuwa ya waliberali (wanaotaka mageuzi).

Na msibebe matokeo ya kwao mkayatua hapa kama mzigo wa basi. Huko Marekani na Ulaya, wapenda mambo mapya huegemea uliberali, na watu wa mpangilio na wajibu huegemea uhafidhina, lakini kwa kiasi kidogo. Uwiano wenyewe, yaani namba ya 0 hadi 1 inayoonyesha mambo mawili yanavyoandamana, mara nyingi haufiki hata 0.3. Mzee wa kahawa Ngamiani anataka serikali ishike bei ya mkonge, na papo hapo hataki desturi iguswe. Mtamweka mrengo gani? Mwaka 2019 watafiti waliopitia data za nchi 23 zenye kipato cha chini na cha kati walionyesha kwamba maswali haya ya haiba, yakiulizwa ana kwa ana, mara nyingi hayapimi kilichokusudiwa.

Mwenzangu mmoja alikuwa akibashiri chama cha mhojiwa kwa jinsi viatu vilivyopangwa mlangoni. Tukamwekea daftari. Alipokosa wa saba, akalificha.