Mtoto asiwe mjumbe wenu

SWALI: Shangazi, mimi na mume wangu hatupigani, ila tunaweza kununiana hata wiki mbili. Binti yetu wa miaka 15, kidato cha pili, ndiye anayepeleka maneno: “Mwambie baba yako ada bado.” Siku hizi halali, kila asubuhi tumbo linamuuma, na darasani ameshuka. Zahanati hawajaona ugonjwa. Nifanyeje? – Mama, Morogoro

JIBU: Pole, dada yangu. Tumbo hilo linamuuma kweli, usimwambie anadeka. Anayelala akitega sikio mlango ulivyofungwa hapati zile saa 8 hadi 10 za usingizi ambazo umri wake unadai, na hesabu haziingii.

Kununiana ni ugomvi kamili. Msipomwambia kuna nini, atajijibu mwenyewe, na vijana wengi hujijibu kwamba kosa ni lao. Yeye kila siku anasikia ada, tena yake!

La kwanza, mvue ujumbe leo. La ada mwandikie baba yake mwenyewe kwenye simu, au mtenge nusu saa Jumapili, binti akiwa mbali, mzungumze hilo tu. Sauti zikipanda, ahirisheni kwa kutaja saa ya kurudi, na mrudi kweli. Mkiacha hewani, mtanuna tena.

Kisha mwambieni, wote wawili mkiweza: “Tunatofautiana kuhusu pesa. Si kosa lako, wala si kazi yako kutupatanisha.” Ishieni hapo. Makosa ya baba yake kamwambie dada yako. Binti si shoga yako. Mkipatana, patananeni aone. Akisikia “samahani, nilikosea” pale mezani, anajua ugomvi huisha, na hilo humjenga kuliko mawaidha yoyote.

Mtafutie pia mtu mzima mmoja wa kuongea naye, mama mdogo au mwalimu wa unasihi, asiyechukua upande wenu.

Baba akigoma, anza wewe, huku ukimwita mshenga wenu. Ikishindikana, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri husuluhisha.

Wiki mbili zikipita bila nafuu, mrudishe hospitali na ueleze hali ya nyumbani, siyo tumbo tu. Akitamka kwamba afadhali afe, au ukiona amejikata, usingoje hata kesho: usimwache peke yake, ficha dawa na sumu ya panya, mpeleke siku hiyohiyo. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure, nawe mzazi unaweza kuipiga.