Kabla hujaandika "Lord Denning alisema"

Wadogo zangu mlioapishwa uwakili juzi, hoja za maandishi zilizopita mezani kwangu mwezi huu zina malodi wengi kuliko Westminster yenyewe. Kila jaji wa Kiingereza mnamvika ulodi, na kila lodi mnampeleka House of Lords, lile baraza la Bunge la Uingereza lililokuwa pia mahakama ya rufaa za mwisho. Nawapenda, ila hapana.

1. Ulodi ni kiti cha Bunge. Lords of Appeal in Ordinary, yaani majaji wa House of Lords, waliundwa na sheria ya 1876, iliyotaka majaji wa mshahara wasikilize rufaa za mwisho ndani ya Bunge. Huwezi kuketi humo bila kuwa lodi, kwa hiyo wakapewa ulodi wa maisha: ukifa unakufa nao, mwanao harithi. Miaka ishirini kabla yake Sir James Parke alipewa wa namna hiyo, malodi wa kurithi wakakataa katakata asiketi nao, ikabidi apewe wa kurithi. Na hata hawa wa 1876 mwanzoni kiti chao kilikuwa cha muda wa kazi tu, mpaka sheria ya 1887 ilipowaruhusu kubaki baada ya kustaafu. Ndiyo maana ukikuta Lord Russell of Killowen lazima uangalie mwaka. Wako watatu, babu, mwana na mjukuu, na hakuna aliyemrithi mwenzake; kila mmoja alipewa wake.

2. Denning, jaji wa Kiingereza mnayempenda kumnukuu. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoumbuka.

Nilikuwa bado nabeba mafaili ya wakili mkubwa, nikapewa kuandika hoja kwenye shauri la ardhi: je, kanuni fulani ya common law, sheria ya Kiingereza iliyojengwa na maamuzi ya majaji, inaingia kwetu vilevile ilivyo? Nikakumbuka Nyali, kesi ya tozo za daraja la kule Mombasa, ile ya mwaloni wa Kiingereza ambao huwezi kuuhamishia Afrika ukategemea ubaki na ugumu wake. Nani asiyeipenda? Ripoti sikuifungua. Nilichota kutoka hoja za zamani za ofisi, nikaandika kwamba Lord Denning aliyasema hayo "akitoa uamuzi wa House of Lords", na kwa herufi nzito nikaongeza kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Bosi akaniamini, akasaini.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili, mzee wa sauti ya taratibu, akasimama. Mwaloni hakuugusa. Alimwomba tu Mheshimiwa Jaji afungue [1956] 1 QB 1. QB, ripoti za Queen's Bench, jamani! Rufaa za House of Lords zinakaa kwenye AC, ripoti za Appeal Cases; hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza chuoni, na hizo QB nilizichapa kwa mkono wangu. Jaji akasoma, akatutazama juu ya miwani. "Wakili msomi, huyu lodi mmemtoa wapi? Mimi hapa naona Denning LJ."

LJ ni Lord Justice, jina la kazi tu lisilo na ulodi: mwaka 1955 alikuwa jaji wa Court of Appeal, ngazi moja chini ya House of Lords. Ulodi aliupata 1957. Bosi akaomba radhi kwa kosa lisilo lake, mimi nikawa napanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. Na kinachouma zaidi ni kwamba hatukuhitaji kumpandisha cheo: uamuzi wa Court of Appeal ya Uingereza kwetu ulikuwa wa kushawishi tu, na wa House of Lords ungekuwa hivyohivyo. Adhabu yangu ilikuwa kuandika maisha yake kazini, nami nawapeni bure. Kesi ya High Trees, ripoti ya 1947: Denning J, yaani jaji wa High Court. Kuanzia 1948 hadi 1957: Denning LJ. Kuanzia 1957 hadi 1962: House of Lords. Halafu akashuka kwa hiari yake kuwa Master of the Rolls (MR), kiongozi wa Court of Appeal, hadi 1982, na ulodi wake akashuka nao. Kwa hiyo Lord Denning MR yuko Court of Appeal, ingawa ni lodi kamili.

3. Rufaa kutoka Court of Appeal for Eastern Africa zilikwenda Privy Council, chombo cha London kilichosikiliza rufaa za makoloni, si House of Lords, hata kama majaji mara nyingi walikuwa walewale.

4. Si kila aliyeketi alikuwa Lord of Appeal in Ordinary. Kwenye Donoghue ya 1932, ile kesi ya uzembe iliyoamuliwa na malodi watatu kwa wawili, Lord Buckmaster aliyepinga alikuwa Lord Chancellor wa zamani. Na mnaomtaja Lord Atkin wa upande ulioshinda, someni basi na waliompinga.

5. Tangu 1 Oktoba 2009 kazi hiyo ya House of Lords inafanywa na Supreme Court. Majaji wake wenye ulodi walizuiwa kuketi Bungeni wakiwa kazini, na Sir John Dyson akaingia mwaka 2010 bila ulodi wowote. Mwaka huohuo Malkia akaagiza majaji wote wa mahakama hiyo waitwe Lord au Lady. Ni heshima tu. Lady Hale alikuwa na ulodi wa kweli tangu 2004. Lord Sumption hakuwahi kuwa nao. Kijana mmoja ameniuliza koridoni, "Sasa kaka, kwenye hoja inabadilisha nini?" Haibadilishi kitu, mradi usimwandike Sumption kuwa mjumbe wa House of Lords kama ulivyofanya aya ya 14.

Zirudi kwangu Ijumaa, na ripoti kamili iambatishwe. Picha za simu sipokei.